Wembe kwa Zuwena

Saa kumi jioni, giza limeshaingia Northampton.
Taa za basi zinapita ukutani, nawe umekaa
bado na sare ya shule, soksi moja imeshuka,
mikono umeikalia ili isitangulie.
Wenye kamusi wanakiita kishikwambi.
Wewe, tangu juzi, unakiita changu.

Si kipya. Nimekinunua Kettering Road
kwa yule bwana anayetengeneza simu na kuuza masanduku ya safari.
Kona moja ina ufa mwembamba kama unywele,
na kabla yako kilikuwa na mwenyewe:
nilikuta picha ya mbwa wake, mvua, kibanda cha ufukweni.
Nikaifuta. Lakini mbwa nimeshamjua.

Bibi yako angesema, mtoto akililia wembe, mpe.
Alikuwa na maana yake; kidonda nacho ni mwalimu.
Ila nimeutazama wembe huu, Zuwena.
Haukati kidole ukaona damu, ukalia, nikasikia.
Unakata kimya,
unakata usingizi nyembe nyembe kama kitunguu,
na aliyekatwa huomba aongezewe.

Basi nimekaa kando yako. Mengi siyajui.
Tulianza na nywila. Ukasema: Zuwena tisa.
Nikakuuliza, nani hutundika ufunguo juu ya kitasa?
Tukachagua maneno matatu yasiyojuana.
Hapa siyataji. Moja ni mboga.

Kisha mchezo ukauliza umezaliwa mwaka gani,
kidole chako kikasimama hewani.
Oliwia kaandika kumi na tatu, ukasema,
na yuko ndani, ana paka wa zambarau.
Nikanyamaza. Mimi kwenye pasipoti nimezaliwa mosi Januari,
tarehe ya karani mwenye haraka;
mama alikumbuka tu kuwa ilikuwa Alhamisi
na bomba halikutoa maji.
Mtu kama mimi atasema nini juu ya tarehe za kweli?
Nikasema: andika tisa.
Ukaandika tisa. Mlango ukafungwa, taratibu, bila matusi.
Ulilia. Sikukupa biskuti.
Miaka minne ni mingi kwa mwenye tisa. Najua.

Usiku ule, kabla ya zamu, nikafungua programu
aliyonisifia jamaa mmoja wa msikitini:
humwonyesha mzazi kila neno la mtoto, kila alipogusa,
na mtoto asijue.
Kidole changu nacho kikasimama hewani.
Nikalikumbuka ghala. Kule nina kidude mkononi
kinachohesabu maboksi, hatua,
na mara nilizokwenda chooni.
Kikitikisika, natikisika.
Anayekisoma simjui,
na sijawahi kumwambia jambo la kweli.
Nikaifuta.

Asubuhi tukaandika karatasi, tukaibandika kwenye friji
kwa ile sumaku ya treni.
Hakilali chumbani; kinalala jikoni, karibu na birika.
Mtu usiyemjua akikuuliza shule yako, mwamshe baba,
hata akiwa ametoka zamu.
Picha ya mtu ni ya mtu, muulize kwanza.
Ukikosea, sema. Hakuna kelele.
(Hapo nilisita. Nikatia sahihi.)
Ukachukua kalamu ya kijani ukaongeza lako,
herufi zikipanda kilima:
NA SIMU YA BABA PIA.

Leo sina zamu. Naandika haya kwa penseli
nyuma ya bahasha ya bili ya maji,
maana saa tatu imepita.
Jikoni vimelazwa vyote viwili, vinachaji,
vinamulika birika.
Simu yangu inatetemeka. Mara moja. Mara ya pili.
Juu, ubao wa ngazi umelia kidogo:
hujalala, unasikiliza
kama nitanyanyuka.